Jiwe Lililoandikwa Sara

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Baba Askofu Gichuki, Mzee Kigen mwenyekiti wa kamati yetu ya ujenzi, Bwana Ravinder uliyetoka Bungoma kuwa nasi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wapendwa wa Kibomet mliosimama nje kwa sababu viti vimeisha: nawasalimu nyote kwa jina la Bwana.

Kwa wasionijua, mimi ni Chepkosgei, karani wa ofisi ya kanisa. Nimepewa nafasi ya kumuaga Mama Phanice Nafula, mwinjilisti wetu, ambaye anastaafu leo na kurudi kwao Chwele. Mniwie radhi. Sijazoea kipaza sauti, na baadhi ya nitakayosema si rahisi kuyasema mbele ya watu wanaonilipa mshahara.

Wengi wenu mlimjua Mama Phanice katika kanisa la zamani la mabati, lile lililokuwa na chumba kidogo kwa nyuma, chenye mkeka na benchi moja, na mlango usiofungwa. Asubuhi mama wa sokoni aliweka kikapu chake chini akaomba kabla ya kwenda kuuza. Kijana wa bodaboda aliingia na helmeti kwapani. Mama Phanice hakuwauliza wanataka nini. Aliuliza tu, "Umeamka aje na Mungu?" na mtu akajibu ukweli, hata kama ukweli wenyewe ulikuwa kwamba hajasema na Mungu tangu azike baba yake.

Ni nani anayetuuliza swali hilo siku hizi? Zamani katika kanisa hili, tukisema fulani amebarikiwa, tulimaanisha ameacha pombe, au amepatana na ndugu yake ambaye walikuwa hawasalimiani. Sasa mtu akisimama kutoa ushuhuda, macho yetu yanatangulia mkononi kuona kama ameshika funguo za gari. Hata simu ya ofisi imebadilika. Zamani nilikuwa nikiinua naambiwa, "Mama Phanice yuko? Mwambie mtoto amelazwa." Siku hizi ni, "Dada, hiyo duka ya kona hapo chini ya kanisa bado haijachukuliwa?" Wakati mwingine sauti ni ile ile.

Sasa niseme juu ya jiwe, maana najua mnalifikiria.

Jengo hili lilipokaribia kwisha, kamati ilimtuma Mama Phanice, kwa kuwa alikuwa akienda nyumbani, apitie dukani kwa Bwana Ravinder amtajie maneno ya kuchonga kwenye jiwe la mlangoni. Maneno yalikuwa Nyumba ya Sala. Mama ni mtu wa Chwele, na ulimi wake hubadilisha l na r kama ndimi za wengi wetu tulio hapa. Hatujawahi kukosa kumwelewa. Bwana Ravinder ameniambia asubuhi hii, "Mimi niliuliza, mama, huyu Sara ni nani? Akasema, ni ya watu wote. Nikasema basi, huyo mama lazima ni mkubwa sana."

Mnacheka, na hata siku pazia lilipoondolewa na jiwe likasomeka Nyumba ya Sara, wageni walicheka. Mmoja aliuliza kama Sara ni mke wa Baba Askofu. Lakini katika kikao kilichofuata, ambacho mimi nilikuwa nikikiandikia kumbukumbu, ilisemwa kwamba jengo la hadhi hii linahitaji mwinjilisti wa kulingana nalo. Ndiyo maana leo tunaagana.

Baada ya kikao nilimkuta Mama akifagia ngazi. Nikamwambia nasikitika. Akasema, "Wacha ikae, binti yangu, ni jina nzuri. Rakini huyo Sara akikuja, atapiga magoti wapi?"

Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta jibu. Chini kuna duka la simu, dawa za mifugo, na saluni. Juu kuna ukumbi huu, ambao hufungwa ibada ikiisha ili viti visichafuke. Juu zaidi kuna ofisi. Chumba cha nyuma, ambacho tuliahidiwa kuwa ndicho cha maombi, kimepata mpangaji, naye anaingia Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo fundi wa Bwana Ravinder anakuja kurekebisha herufi kwenye jiwe. Mzee Kigen ameniagiza niwatangazie hayo mawili kama habari njema.

Mzee Kigen, nakuheshimu. Ulisimamia ujenzi huu juani na mvuani, na bila wewe bado tungekuwa tunanyeshewa. Wala sidharau maduka, maana mshahara wangu hutoka humo. Lakini nikikumbuka jinsi tulivyoimba tukimwomba Mungu atukuze, najiuliza kama hatukuelewana naye. Jengo limekua hadi ghorofa. Je, sisi tumekua wapi? Ni nani hapa anayeweza kusema kwamba tangu tuhamie humu anasamehe upesi zaidi, au anaomba zaidi?

Kwa hiyo sitatangaza. Nitaomba. Baba Askofu, fundi asije Jumatatu. Kwa sasa jiwe letu linasema kweli bila kukusudia: hii si nyumba ya sala. Tukibadilisha herufi na huku chumba tumempa mpangaji, tutakuwa tumefuta kosa la Mama Phanice ambalo halikumdhuru mtu, na mahali pake tumechonga uongo wetu. Mlango ule ufunguliwe kwanza. Watu waingie, wapige magoti. Halafu fundi aje.

Mama Phanice, hatukukuaga vizuri. Tulikupa saa ya ukutani na hotuba, na ulistahili tukuulize kila mmoja lile swali lako. Nenda salama. Mkeka ulitupwa nje siku ya kuhama, nami niliuokota, umekunjwa chini ya meza yangu. Ukisikia huko Chwele kwamba herufi imebadilishwa, piga simu ofisini uniulize mkeka uko wapi. Kama bado nitakuwa karani, nitakujibu ukweli.

Nanyi nyote mlionivumilia hadi hapa, asanteni.