Ndelilio Eliudi Njau, Binti wa Baba Wawili

Marehemu Ndelilio alizaliwa tarehe 14 Aprili 1963 katika kijiji cha Kidia, Old Moshi, mtoto wa pili wa Mzee Eliudi Njau na marehemu Mama Esther. Alibatizwa Juni mwaka huohuo na, kwa maelezo ya baba yake, alilia ibada nzima.

Alimaliza darasa la saba kijijini mwaka 1977. Baadaye alichukua nguo mpakani Holili na kuziuza Majengo, Moshi mjini.

Mwaka 1990, rafiki zake walipokimbilia dhahabu mkoani Mwanza, alifunga sufuria mbili akawafuata hadi kambi ya Bati Moja. Hakuchimba, alipika. Jumapili wachimbaji walifua, wakanyoana nywele, wakasubiri kiburu chake cha ndizi na maharage.

"Dada, hiki si chakula cha vibogoyo?" mmoja aliuliza.

"Kula kwanza. Meno yako tutayajadili sahani ikiisha."

Kambini hakuna aliyefika na ukoo, hivyo kila mgeni alipewa mzazi wa kumuuguza na kumsuluhishia ugomvi. Ndelilio alipewa Mzee Primus Kasanda, fundi pampu kutoka Tabora. Mwaka 1993 Filemon, mchimbaji wa Marangu, alipeleka posa kwa Mzee Primus, naye akaipokea na kutangaza siku ya harusi. Habari zilifika Kidia kabla ya barua. Mzee Eliudi alijibu kwa mstari mmoja: "Kama ameshapata baba, mimi nibariki nini?" Ndelilio alisema hataingia kanisani bila baraka ya baba yake. Harusi ikaahirishwa.

Mzee Primus alipanda basi kwenda kuomba radhi. Ndelilio alikuwa amemweleza kwamba Mchagga akiletewa jani la sale hawezi kukataa kusamehe. Hakumweleza kwamba masale hayohayo ndiyo mipaka ya vihamba, mashamba ya ukoo. Mzee Primus aliona jani moja ni uchoyo. Alifika uani na mzigo wa masale begani, aliokuwa ameung'oa mpakani mwa kihamba cha Mzee Eliudi mwenyewe.

Mzee Eliudi aliutazama. "Umechukua binti, sasa na mpaka?"

"Nimeleta radhi, mzee mwenzangu."

"Radhi ni jani moja. Haya mengine ni ya makosa gani?"

"Ya mbele ya safari. Mimi najijua."

Mzee Eliudi alicheka hadi akakaa chini. Mchana ule walipanda masale upya pamoja, jirani akisimamia mstari. Ndoa ilifungwa tarehe 18 Desemba 1993, bibi harusi akiwa katikati ya wazee wawili, hakuna aliyekubali kutangulia.

Mwaka 1998 Ndelilio na Filemon walirudi na kufungua mgahawa Majengo. Agosti 2005 alianza kuugua figo. Siku mbili kabla ya kufariki alikuwa bado akilalamikia chumvi ya uji wa wodini. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2006, Filemon akiwa kando yake.

Ameacha mume, dada yake Gladys, na watoto watatu: Magreth, Shedrack na Lukresia. Ratiba hii ya mazishi ilipoandaliwa, Mzee Eliudi aliirudisha, kwa kuwa penye "baba wa marehemu" palikuwa na jina moja. Imesahihishwa. Ameacha baba zake, Eliudi Njau wa Kidia na Primus Kasanda wa Tabora, watakaotangulia kuweka udongo, kwa pamoja.

Pumzika kwa amani, Ndelilio.