Elkanah Tibbs, Aliyeuliza Kisha Akanyamaza

Ndugu waombolezaji, wazee wa kanisa, nanyi marafiki mliotoka mbali,

Mpendwa wetu Elkanah Tibbs alizaliwa Maryland mwaka 1809 au karibu na hapo, siku yenyewe hatuijui, kwa maana bwana aliyemmiliki aliandika siku za kuzaliwa za ndama wake, si za watu. Mwaka 1827 alimwoa mama yangu, Mahala, wakajaliwa mtoto mmoja, ndiye mimi Zilpah ninayewasomea. Septemba 1831 alitoroka peke yake, akafika hapa Philadelphia, akawa kinyozi, akajifunza kusoma jioni katika chumba cha chini cha kanisa hili, na mwaka 1837 akaanza kuhutubia dhidi ya utumwa. Mama aliuzwa Georgia mwaka 1835, na mpaka leo hatujampata.

Wasemaji wenzake wanakumbuka alivyowaasa: "Swali likishatoka, funga mdomo. Ukilijibu mwenyewe, wasikilizaji umewaachia kazi gani?" Ninyi hapa mlikuwa mkimjibu kwa kelele hata kabla hajamaliza. Lakini tarehe 12 Oktoba 1841 alialikwa na Waquaker wa Chester, watu wanaoabudu kimya, akauliza, "Nani hapa hupata usingizi mwanawe anapopigwa mnada?" akanyamaza, nao wakadhani amewaita kusali, wakainamisha vichwa, kimya kikaenda karibu saa nzima, Baba amesimama jasho linamtoka, hajui ashuke au aendelee. Hatimaye mjane mmoja, Tacy Yarnall, akainuka, akasema, "Rafiki Elkanah, mimi hulala fofofo, maana mtoto huyo simjui. Ni wa nani?" Baba, ambaye hakuwa amewahi kututaja jukwaani, akajibu, "Ni wangu. Anaitwa Zilpah."

Bi Tacy na wenzake wakanitafuta, na Mei 1844 wakanifikisha hapa nikiwa nimefichwa chini ya magunia ya shayiri, msichana wa miaka kumi na sita asiyeijua sura ya baba yake.

Baba alianza kuugua kifua Novemba mwaka jana. Jumapili jioni nilimuuliza kwa nini alituacha, akasema, "Niliogopa, mwanangu. Nilijua ungelia njiani, tukakamatwa. Utanisamehe?" Nikamfunika blanketi, swali lake sikulijibu, na alfajiri ya Jumatatu, tarehe 8 Machi 1858, akafariki.

Tunamshukuru daktari aliyekuja kila tulipomwita, majirani waliotuletea kuni na mchuzi, vinyozi waliofunga maduka yao leo, na Bi Tacy, aliyesafiri kwenye theluji kwa uzee wake ule.

Ndiyo, Baba. Nimekusamehe. Lala sasa, upumzike.