Noélie Azéma, Ambaye Hakuacha Kichala Nyuma

Huyu tuliyemzunguka leo alizaliwa Noélie Cabrol, tarehe 3 Februari 1938, katika kitongoji cha Montbrel kwenye milima ya Tarn. Alikuwa mtoto wa tatu wa Urbain Cabrol, mchonga viatu vya mbao, na mkewe Eulalie. Huko juu mzabibu hauoti. Kulikuwa na viazi, maziwa na baridi. Wazazi wake hawakuwa na mali ya kumrithisha, lakini walimwachia msemo aliokufa nao: kazi ya nusu ni uongo uliosemwa kwa mikono.

Alisoma katika shule ya kijiji, akipita kwenye theluji na viatu alivyochongewa na baba yake, hadi alipopata cheti cha elimu ya msingi mwezi Juni 1952. Mwalimu wake, Bibi Escande, alimkuta jioni moja amebaki darasani akifuta ubao.

"Cabrol, ubao huo si umeshafutwa?"

"Umefutwa katikati, Bibi. Pembeni bado."

Bibi Escande alimpa peremende na kumwambia aende nyumbani. Alikwenda, lakini baada ya kumaliza pembe ya nne.

Septemba 1956 alishuka bondeni kwa treni pamoja na shangazi yake Philomène na kundi la wavunaji wa mlimani, wakafika hapa Peyrols, kwa mzee Azéma. Walio hai kati ya watu wa siku zile wanajua kijiji kilivyokuwa. Harufu ya zabibu zilizopondwa ilijaa njia zote mpaka kanisani. Wavunaji walilala ghalani juu ya majani makavu. Wanawake walikata vichala kwa mkasi, wanaume wakabeba mapipa ya mbao wawili wawili kwa miti, na wimbo ulioanzwa kwenye shamba moja ulijibiwa na shamba la pili. Mchana nyama ilichomwa kwa vijiti vya mizabibu, na mtu hakuuliza mwenzake ni wa wapi kabla hajamwuliza kama ameshiba.

Palikuwa na sheria isiyoandikwa popote. Mvunaji aliyesahau kichala kwenye mzabibu alilipa kwa uso wake. Aliyekigundua alikikamua usoni mwa msahaulifu huyo mbele ya wote, kisha akambusu shavu lililopakwa, na kazi ikaendelea. Sheria hiyo ilikuwa na wakorofi wake. Noélie alipokuja kuwa kiongozi wa mstari miaka ya baadaye, alitangaza kwamba mwanamume ambaye mkono wake ungeteremka chini ya kidevu cha msichana angelala kwao usiku huohuo. Wawili hawakumsadiki. Walilala kwao.

Yeye mwenyewe kwa mavuno mawili hakupakwa hata mara moja. Firmin, mwana wa mzee Azéma, mbeba mapipa, alikuwa akipita nyuma ya mstari wake akiinamia kila jani.

"Wewe Firmin, pipa liko huku!" mwenzake alimpigia kelele. "Unatafuta zabibu au unatafuta mke?"

Siku ya mwisho ya mavuno ya 1958, Firmin alisimama ghafla na kuita watu. Kichala kilining'inia kwenye mzabibu aliotoka kuuvuna Noélie, kikubwa kama ngumi mbili, mahali ambapo hata kipofu angekigonga.

"Si changu," Noélie alisema. "Macho yako yana jua, Firmin."

"Mstari ni wako, na kichala ni chako," akasema shangazi Philomène. "Toa uso, mwanangu, tunataka kwenda kula."

Alitoa uso. Walifunga ndoa katika kanisa hili hili Jumamosi tarehe 23 Aprili 1960. Miaka yote ya ndoa yao Firmin alimwuliza kama kile kichala alikiacha kwa makusudi, na miaka yote jibu lilikuwa moja: "Mimi sijawahi kuacha kichala."

Mungu aliwajalia watoto watatu: Régis, Didier na Solange. Mwaka 1962 walipanda pamoja, kwa mikono yao, kipande cha ardhi ya mawe kilicho nyuma ya makaburi haya, mizabibu mifupi inayosimama bila nguzo wala nyaya. Familia inakiita Shamba la Baba. Noélie aliongoza mstari wa wavunaji kwa zaidi ya miaka arobaini. Alikuwa mkali, na haifai kusema vinginevyo kwa sababu tu amefariki. Alimrudisha mtu mwanzo wa mstari kwa sababu ya tawi moja. Lakini yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kukaa mezani, na hakukaa kabla sahani ya kila mvunaji haijajaa.

Firmin alifariki tarehe 9 Novemba 2011. Mavuno yaliyofuata, Régis alileta mashine ya kuvunia. Didier alisimama mbele yake shambani.

"Umemzika baba mara ya pili."

"Na wewe unalima kumbukumbu," Régis akamjibu. "Kumbukumbu hazilipi kodi."

Waligawana mizabibu, na tangu siku hiyo hawakukaa meza moja. Kila karamu ya mwisho wa mavuno mama yao alipika mara mbili, Régis akila mchana na Didier jioni. Hakulaani mashine. Alisema tu kwamba mashine haina uso wa kupakwa, na watu wasiopakana huishia kutazamana visogo. Kuhusu wanawe alisema jambo moja, na alilisema mara nyingi: "Nimezaa wana. Sikuzaa zamu."

Mwezi Juni 2019 madaktari walimwambia kuwa ana saratani ya kongosho, na kwamba imekwisha kuenea. Hakulia. Aliuliza kama angefika Septemba. Daktari akasema pengine. "Basi tusipoteze siku hospitalini," alisema, akarudi nyumbani. Kila aliyemtembelea kiangazi kile alijua alichokuwa akikingoja. Alitaka kupika chungu kimoja kabla ya kufa.

Jumamosi tarehe 28 Septemba ilikuwa zamu ya Shamba la Baba. Mashine haiwezi kuingia pale, na kwa sababu hiyo Régis alikuwa amekusudia kuing'oa mizabibu hiyo majira ya baridi. Noélie aliwaita wanawe wote wawili, akapelekwa kwa gari, akakalishwa kwenye kiti mwanzo wa mstari, shali mabegani na fimbo mkononi.

"Régis upande huu, Didier upande ule," aliamuru. "Mstari mmoja."

"Mama, mistari iko mingi," Didier alisema.

"Mwaka huu nina nguvu ya kutazama mmoja."

Walikata, kila mmoja akijificha nyuma ya majani ya mzabibu uleule. Kabla ya adhuhuri Noélie alishika mkono wa mjukuu wake Maëlle, akatembea taratibu kandokando ya mstari uliokwisha kuvunwa. Alisema ananyoosha miguu. Akarudi kitini.

Muda mfupi baadaye Régis alirudi nyuma kuchukua ndoo yake, akasimama. Upande wa Didier kulikuwa na kichala. Akainamisha kichwa ili apite.

"Umeona nini, Régis?" mama yake akauliza.

"Sijaona kitu."

"Usiseme uongo katika shamba la baba yako."

"Nimeona kichala, Mama."

"Si changu!" Didier akaruka. "Hapo nimepita mwenyewe, pamekuwa peupe!"

"Ndivyo wanavyosema wote," dada yao Solange alisema. "Toa uso, kaka."

Didier alivua kofia. Régis alikichuma kile kichala, akakaa nacho mkononi kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Una mvi nyingi siku hizi," alisema hatimaye.

"Na wewe una tumbo. Paka basi, uso unachoka kungoja."

Alipaka, kuanzia kwenye paji la uso mpaka kwenye ndevu. Maji ya zabibu yakachuruzika shingoni. Kisha wote wawili wakageuka kumtazama mama yao, maana walijua kilichobaki.

"Sheria haikatwi nusu," alisema.

Régis akambusu mdogo wake, na uso wake ukatoka wa zambarau. Aliyeanza kulia hakujulikana, kwa sababu wote wawili walikuwa wamelowa. Mchana ule palikuwa na meza moja, chungu kimoja cha maharage na soseji, na Noélie alikaa kabla ya sahani zote kujaa, kwa mara ya kwanza tunayoikumbuka.

Jioni, walipokuwa wakifuta sahani, Solange alimsogelea.

"Mama, kile kichala kikonyo chake kilikuwa kimekatwa. Kilitundikwa tu kwenye jani."

"Macho yako yana jua," Noélie akamjibu.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 15 Oktoba 2019, saa tatu asubuhi, dirisha likiwa wazi na harufu ya mvinyo mpya ikipanda kutoka ghalani. Régis alikuwa upande huu, Didier upande ule.

Ameacha watoto wake Régis, Didier na Solange. Wajukuu wanne, na mkubwa wao ni Maëlle. Na kaka yake Clovis, aliyeshuka leo kutoka Montbrel akiwa na miaka themanini na minne. Shamba la Baba halitang'olewa. Régis amesema hivyo mbele ya ndugu yake, na sisi tulikuwa mashahidi. Baada ya maziko wote mnakaribishwa nyumbani, kwenye meza moja.

Noélie Azéma alichukia uongo kuliko ukungu unaoozesha zabibu, na wasifu wake hauna ruhusa ya kumdanganyia. Alisema uongo mmoja tu, akaurudia kwa miaka sitini na moja. Akiulizwa huko alikokwenda juu ya vile vichala viwili, tunamsihi asikane tena. Firmin yuko pale, na amengoja jibu lake vya kutosha.

Mama, mstari umekwisha, na ndoo zote zimeingia. Toa uso, upumzike kwa amani.