Shene Ilikatika, Wakatafuta Mulozi

Mukae, ndugu zangu, mukae muzuri. Muchungaji ameniomba niseme kwa kifupi, lakini mimi ni mutu wa mbao, na mutu wa mbao hapendi kukata kipande kifupi. Munivumilie. Hiki kigunia kilicho hapa miguuni pangu musikiogope. Mama mumoja pale mulangoni ameniuliza kama nimeleta sadaka ya viazi. Si viazi, mama. Mutakiona.

Kwa wageni wasionijua: naishi hapahapa Katoyi, na kazi yangu ni kupasua mbao na tronsonezi, ile mashine ya shene, munyororo wenye meno, munayoisikia ikilia mulimani. Hapa Goma ukichimba musingi unakutana na mawe ya volkano, kwa hiyo wengi wetu tunalala ndani ya mbao, na mbao nyingi za kartye hii, mutaa wetu, nilizipasua mimi. Nalisema bila haya. Mutu akinionyesha ukuta wake umenyooka, nafurahi kama amenisifia mutoto.

Na mashine yangu naitunza. Jioni nasafisha filtri, asubuhi nanoa shene na tupa, jino kwa jino, na esansi, petroli yake, naichanganya na oili kwa mukono wangu, simuachii mutu. Muke wangu alikuwa anasema kama ningeoga vile mashine inavyooga, angekuwa mwanamuke wa furaha. Cheka tu, mama, hata leo anasema hivyo. Lakini munisikilize: sifa hiyo ya usafi ndiyo ilikaribia kumuua mutu. Nitafika hapo.

Nilizaliwa Masisi, mulimani, baba yangu alikuwa mufugaji. Ng'ombe walienda na vita, nasi tukashuka Goma. Aliyebaki kule ni mama mukubwa wangu, mujane wa kaka ya baba. Huyo mama hakutoka hata milio ya risasi ilipokuwa karibu. Alisema mashamba hayatembei, naye hatembei. Mwaka ule wa ajali alinitumia habari kwamba anataka kuezeka nyumba yake upya, nije nikate mikaratusi ya zamani iliyokuwa kwenye mupaka wa malisho yetu, nusu ya mbao iwe yake, nusu yangu. Nikapanda na mashine yangu, na ndugu zangu wawili wakanifuata kunisaidia.

Asubuhi alitembea nami kati ya miti akinionyesha. Akafika kwa mumoja, akasimama.

“Huu muti yenye kuinama upande ya bonde, uache. Utakusumbua.”

“Mama, mimi njo mwenye kusumbua miti,” nikamujibu.

Akacheka, akaenda kupika. Ndugu zangu walikuwa karibu, walisikia maneno yote. Muyaweke kichwani maneno hayo.

Muti ule niliuangusha vizuri sana, ndugu zangu, ukalala palepale nilipotaka. Nikapanda juu ya gogo, nikaanza kupasua. Ghafla mashine ikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, ikaruka, shene ikakatika na kunipiga mukono wa kushoto. Sitawaambia damu ilikuwa namna gani, kuna watoto hapa. Ndugu zangu walinifunga na shati, wakanishusha kwa moto, pikipiki ya jirani, mpaka opitali. Madaktari walifanya kazi yao, Mungu awabariki. Mukono ulibaki, lakini hivi vidole viwili, muviangalie, havifungi tena.

Nikarudi nyumbani nikakaa. Mashine ikawekwa chini ya kitanda. Na mimi, mutu niliyekuwa natamba, nikawa nikisikia tronsonezi inalia kwa jirani, hata mbali, mwili wote unatoa jasho. Nilikuwa nawaambia watu nangoja kidonda kipone. Kidonda kilipona. Niliendelea kungoja. Muke wangu akawa anabeba mbao za wengine mugongoni ili tupate kula, na mimi nachemusha maharage. Kuchemusha maharage si haya, wababa. Kukaa na woga bila kumuambia mutu, hiyo ndiyo inamaliza mutu.

Sasa sikilizeni mabaya zaidi. Kule mulimani watu walianza kuuliza: shene ya yule imekatikaje? Ingekuwa mashine ya mutu muchafu, wangesema ni uchafu. Ingekuwa shene ya kuazima, wangesema ni ya zamani. Lakini mimi? Mimi ninayenoa jino kwa jino? Haiwezekani, wakasema, kuna mukono wa mutu. Na ndugu zangu wakakumbuka: mama mukubwa alisema, “Utakusumbua.” Ile habari ya muti kuinama upande wa bonde hawakuikumbuka tena. Likabaki neno moja, nalo likatembea kilima kizima kwa miguu yake.

Munajua kule kwetu jina la mulozi, muchawi, likishika mujane anayekaa peke yake, mwisho wake ni nini. Vijana wanamufukuza, na akiwa na bahati anaondoka muzima.

Kaka yangu mukubwa, mumoja wa wale wawili waliosikia, akaja hapa Katoyi. Alikaa, akanywa chai, akasema wazee wanaita baraza siku ya Jumapili, wananingoja mimi tu, kwa sababu damu ilikuwa yangu. Nikisema ndiyo, mama mukubwa anatoka kilimani. Nikinyamaza, anatoka vilevile.

“Na weye unaamini?” nikamuuliza.

“Mashini yako haikatikake ya bure,” akajibu. “Ni weye mwenyewe ulikuwa unasemaka vile.”

Akaenda zake. Nikabaki naangalia kitanda. Muke wangu ndiye aliyeinama, akavuta mashine, akaiweka mbele yangu pamoja na shene iliyokatika, bado ina damu kavu. Tangu siku ile sikuwahi kuiangalia. Nikaichukua. Ndugu zangu, nawaambia, mimi nasoma shene kama muchungaji anavyosoma kitabu chake. Meno yalikuwa yameliwa kwa mustari, upande mumoja, laini kabisa, na chuma kimekuwa cha buluu kwa moto. Mukaratusi hauli meno hivyo, hata ukikauka. Nikamuambia muke wangu, ndani ya gogo lile kuna chuma.

“Basi uende uionyeshe,” akasema.

“Na kama mukono inakataa?”

“Papa ya batoto, si mashini njo ililogwa. Ni weye, woga ilikuloga. Simama, minabeba esansi.”

Jumapili ile hatukuja hapa kanisani, tulipanda mulima. Kufika kule, uwanja umejaa. Mama mukubwa amekaa chini, ameegemea furushi lake, ameshalifunga mwenyewe. Hilo ndilo liliniumiza kuliko shene. Nilipomusalimia alinishika hivi vidole viwili, akaviangalia muda murefu, akasema, “Pole, mwanangu.” Mutu anafukuzwa kwa ajili ya vidole vyangu, na ananipa pole!

Nikawaambia wazee: kabla sijasema neno, twende kwenye gogo, tulifungue, ndani kuna chuma. Tukaenda wote, mama mukubwa na furushi lake. Gogo lilikuwa bado palepale, hakuna aliyethubutu hata kuchukua tawi la kuni. Kaka yangu akanungunika kwamba hata walozi wana chuma. Muzee wa kilima akamunyamazisha, akasema, “Muache afungue.”

Nikaweka shene mupya. Nikavuta kamba. Hakuna. Nikavuta tena. Kimya. Nyuma yangu vijana wakaanza: “Munaona? Hata mashini inakataa!” Jasho likanitoka mpaka machoni. Nilitaka kukimbia, nawaambia ukweli, kutelemuka tu na kilima mpaka Sake. Halafu pua yangu ikanisaidia. Nikafungua tangi, nikanusa. Esansi ilikuwa ileile ya siku ya ajali! Miezi yote ilikuwa imekaa mule inaoza. Mimi niliyewasumbua watu wote kwa usafi! Nikacheka peke yangu mbele ya baraza, wakadhani nimepata wazimu. Nikaimwaga, nikafuta bujie, ile plagi ya kuwashia, nikatia esansi mupya ambayo muke wangu alibeba. Nikavuta.

Ikalia. Karibu niiachie, sitawadanganya. Lakini mashine ikishalia haikungoji, inataka ushike. Nikaishika na vidole vitatu na viwili hivi vya kusindikiza. Nikakata mbali na kovu, pale shene ilipokatikia, upande huu, kisha upande ule, kikabaki kipande kifupi chenye kovu katikati. Nikazima. Kaka yangu nikamupa shoka na kabari, nikamuambia apasue yeye mwenyewe, asije akasema nimeweka kitu kwa mukono wangu.

Akapiga. Akapiga tena. Kipande kikapasuka katikati, na baraza zima likainama.

Ndani kulikuwa na waya wa miiba, ndugu zangu, na musumari umeukunjia, na mbao kuzunguka imekuwa nyeusi kama wino. Na pale kwenye musumari, alama ya meno ya shene yangu. Muti ulikuwa umeota juu yake, umefunga ganda, nje huoni kitu isipokuwa kamukanda kadogo kamevimba.

Mama mukubwa ndiye aliyeinuka kwenye furushi lake. Akaja polepole, akagusa musumari, akaanza kucheka, ile cheko ya zamani.

“Eh! Hii si waya yetu? Kabla babako ahamishe ng'ombe huko juu, lupango ya ng'ombe ilipitaka hapa! Mie mwenyewe nilikuwa nakamata waya, babako anapigilia. Na weye njo ulikuwa unabeba misumari mu kopo ya maziwa. Ulilia siku muzima juu nilikunyang'anya ile kopo!”

Kilima kizima kikacheka. Hata muzee alijifuta macho. Miti yetu wenyewe tuliifanya nguzo za lupango, uzio wetu, ng'ombe wakaenda, waya ukasahaulika, na muti ukaumeza. Na mutu aliyebeba misumari ile, akiwa na kamasi puani, ndiye huyu anayesimama mbele yenu. Kama kulikuwa na mulozi siku ile, ni mutoto mwenye kopo.

Kaka yangu aliangusha shoka. Akaenda akachukua furushi la mama mukubwa, akalibeba kichwani, mwanaume muzima na ndevu zake, akalirudisha ndani ya nyumba. Vijana wakapisha njia. Na mimi nikalia mbele ya watu wote, na sikuona haya. Nilipomaliza kulia, nikawasha mashine nikapasua mbao za nyumba yake mpaka esansi ikaisha. Alikataa nusu yangu ibaki kule. Alisema mapatano ni mapatano.

Leo nafanya kazi. Nafanya taratibu kuliko zamani, lakini ukuta wangu bado unanyooka, mukaulize. Na kabla ya kuwasha mashine kwa mutu yeyote, natafuta muzee au mama wa zamani wa pale, namuuliza: ng'ombe walikuwa wanapita wapi? Lupango ilikuwa wapi? Kisha nazunguka muti, napapasa ganda, natafuta kale kamukanda kalikovimba. Vijana ninaofanya nao kazi wanasema nauchumbia muti kwanza. Waseme. Vidole vyao vyote vinafunga.

Nashukuru madaktari walioushona mukono huu. Nashukuru muzee wa kilima, ambaye angeweza kukubali kelele na akakubali kungoja. Nashukuru kaka yangu, kwa sababu kubeba furushi lile kulikuwa kuzito kuliko gogo. Nashukuru muke wangu, na leo asubuhi nimeoga, ni shahidi. Mungu ninamushukuru mwisho si kwa sababu ni mudogo. Alikuwa ameweka jibu ndani ya muti kabla sisi hatujajua kuuliza.

Sasa kigunia. Hiki ndicho kipande chenyewe. Kipitisheni kutoka benchi hadi benchi, kila mutu aweke kidole kwenye musumari, pole pole na miiba. Kianze kwa yule mama wa benchi ya tatu mwenye kitambaa cha kijani, aliyeshuka jana kutoka Masisi kunitembelea. Yeye mutamuachia akishike kidogo zaidi.

Na siku kitu chako kitakatika, ndugu yangu, na midomo ikaanza kutaja jina la mutu, uwaombe wangoje. Pasueni gogo kwanza. Kabla hamujatafuta mulozi, tafuteni musumari.