Gongo la Annastella

YAH: MATUNZO YA MUDA YA KIFAA KIMOJA CHA MBAO, MALI YA MWANAMICHEZO, KATIKA KIJIWE CHA BILELE, BUKOBA.

Hicho ndicho kichwa cha habari alichokitangaza Mzee Kahangwa, akiwa amesimama, ingawa tulikuwa wanne tu na mmoja wetu alikuwa akimimina kahawa. Kahangwa alistaafu katika ofisi fulani kule Muleba, na tangu hapo hajaweza kunywa kahawa bila ajenda. Ndiyo maana tunamwita Kanuni. Anayemimina ni Twaibu, jina la kijiweni Pwani, kwa kuwa babu yake alitoka Pangani; yeye mwenyewe bahari ameiona kwenye kalenda. Wa tatu ni Wilbert, yaani Injinia, aliyejijengea nyumba Nshambya kwa akili zake mwenyewe, na mpaka leo haijaanguka. Wa nne ni mimi. Kifaa chenyewe ni gongo la kriketi. Asubuhi hiyo Annastella, binti wa jirani, alilileta akiwa njiani kwenda Ngenge kumzika bibi yake. Jumamosi alitakiwa Mwanza kwenye mchujo wa timu ya wanawake ya kanda, na paa la kwao linavuja. "Niwekeeni tu mahali pakavu, babu zangu," alisema. Kabla ya kuondoka alilidundishia mpira mara moja. Likalia ko, hata muuza vocha wa ng'ambo ya barabara akageuka. Tukampa pole ya msiba na akamwani, zile buni zetu kavu, za kutafuna njiani.

Basi lake halijafika hata Kemondo, Injinia ameshalipitishia gongo kidole.

Injinia – Mbao hii ina kiu. Mtoto anakwenda kupambana na watu wa Mwanza kwa mti usiokunywa kitu tangu ukatwe.

Pwani – Kwani mti hunywa?

Injinia – Enkoni ya marehemu tata, ile fimbo ya baba ya kutembelea, naipaka samli kila Pasaka. Ipo mpaka leo.

Pwani – Marehemu hakuwa akipigia mipira.

Injinia – Alikuwa akitupigia sisi. Haikuvunjika.

Kanuni – Mjumbe ajielekeze kwenye hoja. Ofisini kwetu meza zilipakwa nta. Nta ni ulinzi, mafuta ni chakula. Je, gongo hili tumekabidhiwa tulilinde au tulilishe?

Pwani – Babu alisema chombo cha baharini hupakwa mafuta ya papa.

Injinia – Ziwa letu lina papa?

Pwani – Lina sato. Papa ni cheo tu.

Kanuni – Hilo liko nje ya utaratibu.

Injinia – Samli ikiingia, mbao inalainika. Mpira ukija unabonyea kidogo, kisha unasukumwa na ule ulaini. Samaki mkunje angali mbichi, waitu.

Kanuni – Ukililainisha atacheza kwa mgomba. Nta inateleza. Mpira ukigusa nta hauna pa kushika. Utakwenda wenyewe mpaka Mutukula.

Pwani – Na mpakani watauliza karatasi.

Kanuni – Ndiyo maana nasisitiza utaratibu.

Pwani – Basi nanyi hamjafika. Mafuta ya senene. Yule mdudu anaruka tangu kuzaliwa. Chochote kilichopakwa mafuta yake, kikigonga kitu, kile kitu kitaruka. Hilo halihitaji shule.

Kwa watu wa Bukoba, hoja yenye senene haipingwi moja kwa moja.

Injinia – Msimu haujafika.

Pwani – Ndiyo shida.

Nikauliza kama tusingemsubiri mwenyewe.

Kanuni – Mwenyewe yuko msibani. Mfiwa hasumbuliwi kwa masuala ya kiufundi.

Injinia – Na penye wazee haliharibiki neno.

Hapo nikarudi kwenye kahawa yangu, maana nimeshavuka sitini na methali ilinigusa.

Kanuni akaleta hoja ya maridhiano: samli kwanza, nta juu yake, pande zote mbili ziridhike. Akaomba wanaoafiki wanyooshe mikono. Ikanyooka minne, na wangu ukiwemo. Injinia akaleta samli ya kwao, akalisimamisha gongo ndani ya kopo mpaka kesho yake ili lishibe. Kanuni akaja na vipande vya mishumaa ya Pasaka, akisema vina baraka pia. Nta ikakataa kushika juu ya samli. Tukalisogeza karibu na jiko la kahawa ili iyeyuke izame. Chovya chovya humaliza buyu la asali, alisema Pwani akilipaka mara ya pili, na hakuna aliyemuuliza buyu limeingiaje hapa. Jioni tuliliegemeza ukutani, tukalitazama. Lilikuwa linang'aa. Tulikunywa kahawa ya ziada kwa heshima yetu wenyewe.

Ijumaa Annastella akarudi, kitambaa cha msiba bado kichwani, begi begani. Meli ilikuwa inaondoka usiku ule.

– Shikamooni, babu zangu.

– Marahaba, mwana wange. Poleni na msiba.

Kanuni akasimama ili asome mafanikio. Hakufika mbali. Annastella alilishika gongo kwa mkono mmoja kama alivyozoea, mkono ukashuka nalo. Akaongeza wa pili. Akalinusa. Mbwa wa muuza vocha, ambaye kwa kawaida hatuheshimu, alivuka barabara akaanza kulilamba chini. Binti akatoa mpira kwenye begi, akaudundisha juu ya gongo.

Pu. Kama ngumi kwenye gunia la maharage. Mpira ukaanguka karibu na miguu yangu, ukakaa hapohapo. Alipoligeuza tukaona ufa, umeanzia chini upande uliokuwa unaelekea jiko la kahawa, ukapanda urefu wa kiganja kizima.

Injinia – Hiyo ni nta. Imelibana likashindwa kupumua.

Kanuni – Kwa kumbukumbu tu, ufa hupitia panapolainika. Nani alilainisha?

Pwani – Na mimi jiko langu msiliguse. Lini limewahi kupasua kikombe?

Annastella hakuwa akisikiliza. Alikuwa akipitisha kidole kwenye ule ufa, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akainua uso.

– Samahani, babu. Kwani lilikuwa na tatizo gani?

Hakuuliza kwa ukali. Angeuliza kwa ukali tungepata pa kushikia. Injinia akalivuta kopo la samli, akalificha nyuma ya miguu yake. Kanuni akatafuta kipengele, nikamwona macho yake yakizunguka hewani, hakipo. Pwani akainama kwenye jiko, akapuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri. Mimi niliokota mpira, nikampa.

– Asanteni kwa kunitunzia, alisema.

Akalifunga kwenye khanga, akapangusa mikono kwenye nyasi, wala si kwa kitambaa alichokuwa akinyooshewa na Pwani, akashuka kuelekea bandarini. Kahawa ilichemka mpaka ikamwagika, na hakuna aliyesogeza kikombe.

Mwanza alicheza kwa gongo la kuazima, refu kuliko alilozoea. Mpira wa pili ulimtoa. Timu ilipotangazwa, jina lake halikutajwa.

Lake lilikuwa zima. Tuliliharibu sisi, kwa kauli moja.