Mwalimu wa Tangi la Nne

Risala ya wafanyakazi wa kituo cha mafunzo ya bahari na ufugaji wa viumbe vya majini, siku ya kufunguliwa chumba kipya cha kuangulia

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu. Wazazi, wanafunzi, wafugaji wa pwani yetu, na ninyi mlioegemea matangi kwa kuwa viti vimekwisha: karibuni sana. Ila msiegemee kwa nguvu, yamejaa maji.

MAKARIBISHO

Anayewasomea ni fundi bomba wa kituo. Wapo wenzangu wenye lugha tamu kuliko yangu, lakini nimechaguliwa kwa sababu sauti yangu imezoea kushindana na pampu. Maneno ni yetu sote. Tumeyaandika, tukabishana, tukafuta, tukanywa chai, tukaandika upya.

Mheshimiwa, umekuta sakafu imelowa na mikono yetu inanuka mwani. Kwa sakafu utuwie radhi. Kwa mikono hatuombi radhi, maana hiyo ndiyo shule yenyewe. Hapa mwanafunzi haandiki neno lolote kabla hajagusa.

TULIKOTOKA

Miaka kumi na moja iliyopita jengo hili lilikuwa ghala la barafu. Tulikabidhiwa matangi manne ya saruji, pampu moja yenye kikohozi, walimu wawili wenye shahada, na mama mmoja wa usafi. Wanafunzi walianza kumwita Shangazi, na leo hata mkuu wa kituo humwita hivyo.

Mwaka wa pili tuliambiwa kuna mgeni mkubwa anakuja. Tukapania kila kitu king'ae. Kwenye tangi la kuchujia maji kulikuwa na kokoto zenye utelezi wa kahawia, hazipendezi hata kidogo, tukaagiza zisuguliwe kwa sabuni. Shangazi akatusihi: "Jamani, hizo msizioshe. Huo utelezi ndio unaokula uchafu wa samaki. Mimi nimeangalia siku nyingi."

Tulimjibu hivi, Mheshimiwa, na leo tunalisema hadharani kwa aibu: "Shangazi, wewe shika fagio, sayansi tuachie sisi."

Kokoto ziling'aa. Mgeni alisifu, akapiga picha, akaenda zake. Siku ya nne samaki wakaanza kutweta juu ya maji. Siku ya tano tulizika toroli mbili za samaki. Walimu walipopima maji walikuta yamejaa sumu itokanayo na mkojo wa samaki. Vijidudu vinavyoimaliza sumu hiyo viliishi kwenye ule utelezi, nasi tulikuwa tumeviua kwa mikono yetu na sabuni ya kufulia.

Tulikaa ofisini, hakuna anayemtazama mwenzake. Shangazi akaingia na ndoo. Alikuwa ameficha nusu ndoo ya kokoto chafu nyuma ya stoo, ndani ya maji ya bahari, na mpira wa kupulizia hewa ameutumbukiza. "Nilijua mtazitafuta," akasema. "Haya, nani ananisaidia kubeba?"

Tukazipanda kokoto zile katikati ya zilizooshwa, kama mtu anavyotia chachu kwenye unga. Tangi la nne, lililokuwa na samaki wachache waliobaki, likapona. Hapo ndipo alipotuonyesha daftari lake: miezi kumi na minne ya kuandika tangi gani limesuguliwa, lini, na samaki wake walikula vipi siku iliyofuata. Mwalimu mkuu wa sayansi alilisoma akiwa amesimama hadi ukurasa wa mwisho, kisha akamnyang'anya fagio.

TULIYOYAFANYA

Tangu siku hiyo Shangazi anafundisha kwenye tangi la nne. Wanafunzi elfu tisa na mia tatu wamepita mikononi mwake. Kila darasa huanza kwa makelele, kwa sababu kitu cha kwanza anachowapa ni jongoo bahari, mnyama laini asiye na uso. Mtoto mmoja aliuliza, "Shangazi, mbele yake wapi?" Mwalimu mwingine angemwambia. Shangazi alisema, "Mpe chakula, halafu tulia umtazame." Mtoto alitulia nusu saa, jambo ambalo mama yake hakuliamini tulipomsimulia. Mtoto huyo leo ana shahada, na ndiye mtaalamu wetu wa maabara. Amesimama pale mlangoni, amevaa koti jeupe. Amesema tuandike hivi: "Cheti kina jina langu, lakini aliyenifundisha kutazama ni Shangazi."

Na mwaka huu, Mheshimiwa, tumeweza! Majira matatu tulijaribu kuangua majongoo bahari, na mara zote tatu wakafa wakiwa wadogo kama chembe za chumvi. Mara ya nne Shangazi ndiye aliyegundua kwamba tunawalisha kupita kiasi. Tumekuza elfu kumi na mbili. Wafugaji waliopo hapa wamewapokea, na wengine wanachungulia ndani ya ndoo mpaka sasa. Chuo kikuu kimetuma wahadhiri wawili kujifunza kwetu. Tulifurahi mpaka pampu tukaisahau, ikazimika.

CHANGAMOTO

Paa linavuja na pampu mnaisikia. Hayo tutahangaika nayo wenyewe.

Changamoto ni barua. Imetoka ofisini kwako, na inasema asiye na cheti asifundishe baada ya mwisho wa mwezi huu. Hatusemi barua ni mbaya; inawalinda watoto dhidi ya matapeli, nasi tuna watoto. Lakini katika kituo hiki inamgusa mtu mmoja. Aliisoma, akaikunja vizuri, na kesho yake akaja na fagio lake la zamani. Sisi tuliumia mno.

OMBI

Tuna ombi moja tu. Kifungu cha saba cha waraka huohuo kinakuruhusu umthibitishe mwalimu kwa ujuzi wake wa kazi. Fomu tumeijaza, daftari lake tumeliambatisha, na kalamu iliyo mbele yako tumeijaribu, inaandika.

Yeye mwenyewe hajui. Tulimwambia risala inahusu paa. Bila shaka saa hizi ameshaanza kujivuta kuelekea nje. Shangazi, tafadhali, rudi ukae. Ndoo itasubiri.

Mheshimiwa, Mungu akupe afya, akulinde safarini, na auongoze mkono wako.

Ni sisi wafanyakazi wa kituo. Tuko kumi na wanane, na tumesaini kumi na saba. Mmoja hatukumpa asaini, kwa kuwa tunamwombea yeye.