Mioyo Mitatu ya Pweza

Ndani ya tremu, treni ya barabarani ya Melbourne, Gwenda alishindwa kujizuia. Alichomoa spika za masikioni akamgeukia mzee asiyemjua. "Bwana wee, pweza ana mioyo mitatu! Nimesikia sasa hivi kwenye kipindi cha podikasti. Jana walieleza matetemeko, juzi mikate ya Warumi!"

Mzee alicheka. "Elimu ya masikio hiyo, mama. Inaingia huku, inatokea kule. Soma vitabu!"

"Vitabu vinanilaza, vipindi hivi vinaniamsha! Tena pweza akiogelea, moyo mmoja huacha kupiga."

Kicheko kilikatika. "Halafu anakufa?"

"Wapi! Akitulia, unapiga tena."

Tremu ikasimama hospitalini. "Nashuka hapa, kwa daktari wa moyo," mzee alisema, asiinuke. "Bado nasema vitabu ni vitabu. Lakini hebu nipe spika moja, upesi."